Anajua matokeo ya kila jimbo, hajui kituo chake

Agosti 2022 tume ya uchaguzi ya Kenya ilipandisha mtandaoni Fomu 34A, yaani karatasi za matokeo ya urais, moja kwa kila kituo, na vituo vilikuwa 46,229. Kwa siku kadhaa watu walikesha. Walizipakua, wakazipanga kwenye majedwali, wakajumlisha kaunti kwa kaunti, wakabishana kama ile tarakimu iliyoandikwa harakaharaka ni 1 au 7. Ilikuwa kazi ya maana, wala haikumdai mtu awe na wino kidoleni. Katika uchaguzi huohuo, watu zaidi ya milioni 7.5 waliokuwa kwenye daftari hawakufika kituoni, na mshindi wa urais alimpita aliyemfuata kwa kura 233,211.

Ni vigumu kuamini kwamba mamilioni hao wote hawakuwa na habari. Kila nchi inayopiga kura inamjua mtu huyu, anayefuatilia siasa kuliko wengi ila hapigi kura. Anawataja wagombea wa majimbo ambayo hajawahi kukanyaga. Anajua nani kahama chama gani, lini, na anadhani anajua alipewa nini. Ukigusia tafiti za maoni ya wapiga kura atakusomesha habari ya sampuli na kiwango cha makosa. Ila mwulize ameandikishwa kituo gani: utasikia kimya kidogo, kisha maelezo marefu.

Kuna watu wa kuwaweka pembeni kwanza, maana hawamo katika hoja hii. Yupo anayesusia kwa sababu chama chake kimesusia, au kwa sababu anaona uchaguzi wenyewe ni wa kuigiza. Huyo ana msimamo, na kutokwenda kwake ni kitendo cha kisiasa. Yupo ambaye imani ya dini yake inamkataza. Yupo ambaye sheria imemzuia: mfungwa, mhamiaji asiye raia, raia aliye ughaibuni ambaye nchi yake haijamwekea kituo. Tunayemzungumzia anaruhusiwa, anataka, anapanga kwenda, na haendi. Mwaka huu, na ule uliopita, na ule kabla ya huo.

Tumezoea kumwita mvivu. Jina hilo halimkai. Mtu anayetumia saa tatu kila jioni kusikiliza wachambuzi na kujibizana nao si mvivu wa siasa. Kumwita asiyejali ndiyo kosa kubwa zaidi, kwa sababu dawa zote zinazotolewa kwa asiyejali hazimsaidii. Kampeni za uhamasishaji humwambia kwamba kura yake ni muhimu, kwamba uongozi mbaya unatokana na wasiojitokeza. Anayajua hayo. Pengine ndiye aliyeyasambaza kwenye kundi la WhatsApp.

Marekani kuna ushahidi mzuri wa kuwepo kwake. Huko daftari rasmi huonyesha nani alipiga kura katika uchaguzi upi (alimpigia nani ni siri), na tangu miaka ya 1960 watafiti wamekuwa wakilinganisha daftari hilo na majibu ya watu kwenye dodoso. Kila wakilinganisha, hujitokeza kundi linalosema "nilipiga" ilhali daftari linasema hapana. Waliposhughulika kujua ni akina nani hao, walikuta kwamba wanaodanganya zaidi ni wale wenye elimu, wanaofuatilia siasa na wanaoamini kwamba kupiga kura ni jambo la heshima. Asiyejali hana sababu ya kudanganya. Uongo huo ni wa mtu anayeona haya.

Sasa, kwa nini haendi? Sababu ya kwanza na kubwa, kwa maoni yetu, ni kalenda. Kadiri siku ya kura inavyokaribia, hamu ya watu inapanda. Na kadiri inavyokaribia, milango ya kuingilia inafungwa mmoja baada ya mwingine. Mistari hii miwili inapishana, na mtu wetu anaishi upande usiofaa wa makutano.

Turudi Kenya 2022. Awamu ya pili ya kuandikisha wapiga kura kwa wingi ilimalizika 6 Februari. Wagombea wenza wa kambi mbili kubwa walitangazwa tarehe 15 na 16 Mei, wakati daftari limekwisha fungwa na linahakikiwa. Mtu aliyepandwa na mori siku ile mgombea wake alipomtaja mwenza, akaapa kwamba safari hii hakosi, alikuwa ameshakosa. Uingereza walipata bahati ya kurekebisha: usiku wa mwisho wa kujiandikisha kwa kura ya maoni ya kujitoa Umoja wa Ulaya, 7 Juni 2016, tovuti ya kujiandikisha ilizidiwa na watu ikaanguka, na serikali ikasogeza mwisho mbele kwa siku mbili. Watu hao walikuwa na miezi ya kufanya kazi ya dakika tano. Waliifanya usiku mmoja, kwa sababu usiku huo ndipo mjadala ulipokuwa umewaka. Na Uingereza ni nchi ambayo mlango hufungwa siku chache tu kabla ya kura: mwaka 2024 mwisho ulikuwa 18 Juni, kura 4 Julai. Panapofungwa miezi kabla, hali ni mbaya zaidi.

Tanzania kuna mtego wa namna yake, na unawanasa hasa wale wanaojiona wanajua. Uchaguzi wa rais, wabunge na madiwani hutumia Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, lile linaloambatana na kadi. Uchaguzi wa serikali za mitaa hautumii daftari hilo. Una orodha yake, inayoandikwa upya mahali mtu anapoishi, na kwa uchaguzi wa 27 Novemba 2024 iliandikwa kwa siku kumi tu, kuanzia 11 hadi 20 Oktoba. Mwenye kadi ya mpiga kura mfukoni, aliyeitunza vizuri tangu aipate, alikuwa na kila sababu ya kudhani mambo yake yako sawa. Hayakuwa sawa. Asiye na kadi kabisa ila alipita kwa mwandikishaji mtaani kwake alipiga. Mwenye kadi asiyepita hakupiga.

Tunasema "kupiga kura" kana kwamba ni tendo moja. Kiutendaji ni mnyororo: kuwa na kitambulisho kinachokubalika, kujiandikisha, kuhakiki jina, kuhamisha taarifa ukihama, kuchukua kadi pale inapotolewa, kujua kituo, kufika, kusubiri, kutia alama inayohesabika. Kiungo kimoja kikikatika, vilivyobaki havina kazi. Nigeria mwaka 2023 ilikuwa na watu takriban milioni 93.4 kwenye daftari. Waliochukua kadi zao walikuwa takriban milioni 87.2, waliopiga kura hawakufika theluthi ya hao. Afrika Kusini mwaka 2024, kati ya watu wazima takriban milioni 42 wenye haki ya kupiga kura, walioandikishwa walikuwa chini kidogo ya milioni 28, na waliojitokeza takriban milioni 16. Ona jinsi takwimu inayotangazwa inavyoficha jambo: "asilimia 58 walijitokeza" ni asilimia ya walioandikishwa. Yule ambaye hakuandikishwa kabisa hayumo hata kwenye kugawanya. Nchi inaweza kupata asilimia nzuri ya waliojitokeza kwa kuwa na daftari dogo tu.

Kiungo kinachokatika mara nyingi, na kisichozungumzwa, ni kuhama. Mtu aliandikishwa nyumbani kwa wazazi akiwa na miaka 18, akaenda chuo mji mwingine, akapata kazi mji wa tatu. Kwa daftari, bado anaishi chumba kile cha mwanzo. Nchi nyingi humtaka apige kura palepale alipoandikishwa, kwa hiyo kura ya dakika kumi inageuka safari ya siku mbili yenye nauli. Angeweza kuhamisha taarifa zake, lakini dirisha la kuhamisha hufunguliwa wakati hakuna anayezungumza uchaguzi. Watafiti wa Denmark waligundua jambo la kushangaza kidogo: vijana wa miaka 18 hupiga kura kwa wingi kuliko wa miaka 19, 20 na 21. Miaka hiyo mitatu haiwapunguzii akili wala hamu ya siasa. Wanachopoteza ni nyumba ya wazazi, ambako mtu mzima alisema asubuhi, "vaa viatu, tunakwenda." Na anayekosa chaguzi mbili tatu za mwanzo hujijengea mazoea, wanaochunguza tabia hii wanakubaliana kwamba kupiga kura ni mazoea, na kutopiga vilevile.

Hata kusogezwa kidogo kunadhuru. Mwaka 2003, Los Angeles ilipunguza maeneo ya kupigia kura kutoka 5,231 hadi 1,885 kwa uchaguzi mmoja wa gavana. Waliobadilishiwa kituo walijitokeza pungufu kwa karibu alama mbili za asilimia kuliko wenzao wasiobadilishiwa, hata baada ya kuhesabu walioamua kupiga kwa barua. Umbali ulichangia, lakini pia usumbufu tu wa kutafuta kituo kipya kiko wapi. Mtu anayejua kwa kichwa idadi ya kura za wajumbe wanaomchagua rais wa Marekani kwa majimbo yote 50 alishindwa na swali la "shule ipi?"

Ukimbana mtu wetu, hatataja kalenda wala anwani. Atataja hesabu. "Kura moja haibadilishi kitu." Tusimcheke, kwa sababu hesabu yake ni sahihi. Mwanauchumi Anthony Downs aliiweka wazi mwaka 1957: uwezekano wa kura yako kuamua matokeo ya uchaguzi wa mamilioni ni mdogo mno, hivi kwamba gharama yoyote, hata ya kutembea mpaka kituoni, inauzidi. Wanaomjibu hukimbilia mifano ya kura chache, na mifano ipo kweli. Zanzibar, Januari 1961, chama cha ASP kilipata viti 10, cha ZNP 9 na cha ZPPP 3, na kiti kimoja cha ASP, cha Chake Chake, kilipatikana kwa kura moja. ZPPP ikagawanyika, pande zikalingana 11 kwa 11, ikabidi kura zirudiwe Juni. Virginia, Marekani, mwaka 2017 wagombea wawili wa jimbo moja la baraza la chini la bunge la huko walipata kura 11,608 kila mmoja. Mshindi alipatikana 4 Januari 2018 kwa kuchota jina bakulini, na kiti hicho ndicho kilichoamua nani aongoze baraza hilo. Kenya 2013, mshindi wa urais alivuka nusu inayotakiwa kikatiba kwa kura takriban 8,400, katika kura zaidi ya milioni 12. Pungufu ya hapo, kungekuwa na duru ya pili.

Mifano hiyo ni mizuri kwa baraza, lakini haimshindi. Atasema, na atakuwa sahihi, kwamba umeokota chaguzi tatu katika maelfu. Hoja inayombana iko kwingine: hesabu yake haiitumii kwa mambo mengine. Kusikiliza mdahalo hadi saa saba usiku kunabadilisha matokeo kwa kiasi gani? Kujibizana na mtu asiyemjua chini ya picha ya mgombea? Sifuri, kwa hesabu ileile. Na gharama yake ni kubwa kuliko foleni ya saa mbili kila miaka mitano. Kwa hiyo hoja ya kura moja ni sababu iliyokuja baadaye, ya kuvika tabia iliyokuwepo. Angekuwa anabana matumizi ya muda wake, angeanza kwa kuzima televisheni.

Eitan Hersh, mwanasayansi wa siasa wa Chuo Kikuu cha Tufts, anaita hali hii siasa kama burudani: mtu anafuatilia siasa kama afuatiliavyo ligi, anapata raha ya kujua, ya hasira, ya kuwa upande fulani. Shabiki wa mpira hahitaji kugusa mpira. Tungeongeza jambo ambalo mfano wa mpira hauligusi. Burudani hii ina hadhira, kura haina. Ukitoa uchambuzi mzuri, watu watakusifu. Ukiingia kwenye kibanda cha kadibodi, dakika moja, hakuna anayeona wala atakayejua, na karatasi yako inafanana na ya mtu ambaye hakujua hata majina. Kwa mtu ambaye thamani yake barazani ni kujua kuliko wengine, kura ndilo tendo pekee la siasa linalomshusha hadi kuwa sawa na wote.

Na kuna jambo la tatu, la ndani kidogo. Kura inadai uchague. Mchambuzi mzuri anajua doa la kila mgombea: huyu alisaini mkataba ule, yule alikaa kimya wakati ule. Anayejua kidogo huchagua upesi. Anayejua sana hubaki na karatasi mbili zilizoharibika kichwani kabla hajapewa ya kweli. Akikaa nyumbani, anabaki na haki ya kumlaumu yeyote atakayeshinda bila kuulizwa, "si wewe uliyempigia?" Kiti hicho ni kizuri, na watu wengi hawako tayari kukiacha. India tangu 2013 imeweka kwenye orodha ya kura kitufe cha "hakuna hata mmoja", na ni jambo jema, ila halimrudishi huyu kwa wingi, kwa sababu hata kitufe hicho kinahitaji kwanza uwe kwenye daftari.

Basi kinachofanya kazi ni nini? Hapa kuna bahati, kwa sababu majaribio yamefanywa kwa vipimo vya kueleweka. Michigan, Marekani, Agosti 2006, kaya takriban 180,000 zilihusishwa. Wasiotumiwa chochote walipiga kura asilimia 29.7. Waliotumiwa barua ya kuwakumbusha wajibu wa raia walifika asilimia 31.5. Yaani ujumbe uleule unaobandikwa kila ukuta wakati wa uchaguzi uliongeza chini ya alama mbili. Waliotumiwa barua inayoonyesha rekodi yao wenyewe na ya majirani kwa majina, nani alipiga na nani hakupiga, pamoja na ahadi ya kutuma orodha mpya baada ya kura, walifika asilimia 37.8. Kuona haya ndiko kulikowainua. (Hatupendekezi mtu aige: barua hiyo iliwakasirisha wengi, na katika nchi nyingi rekodi hiyo si ya wazi.) Uswisi ilionyesha upande wa pili wa jambo hilohilo. Kura kwa barua zilipoletwa, kupiga kukawa rahisi kuliko zamani, lakini katika jumuiya ndogondogo waliojitokeza walipungua. Zamani jirani alikuona ukienda. Sasa haoni, na huwezi kumwambia posta ikusifu.

Wale wanaodhani simu itamaliza kila kitu watazame Estonia. Tangu 2005 raia wake wanaweza kupiga kura kwa intaneti, na mwaka 2023 zaidi ya nusu ya kura za bunge zilipigwa hivyo. Waliojitokeza kwa jumla katika chaguzi za bunge wamebaki kati ya asilimia 62 na 64, uchaguzi baada ya uchaguzi. Wengi waliohamia mtandaoni ni wale ambao wangekwenda kwa miguu.

Lazima ya kisheria inafanya kazi, hilo halina ubishi. Australia ilipitisha sheria mwaka 1924 baada ya waliojitokeza kushuka chini ya asilimia 60 mwaka 1922. Mwaka 1925 walizidi 91. Chile kura ya maoni ya hiari mwaka 2020 ilipata takriban asilimia 51. Ya lazima mwaka 2022 takriban 86. Faini ya Australia ni dola 20 tu, kwa hiyo si woga wa umaskini unaowapeleka. Ni tarehe iliyowekewa uzito, kama ya kulipa bili, kitu ambacho mtu wetu hana.

Jaribio linalomhusu zaidi ni la Pennsylvania, Marekani, wakati wa kura za mchujo za 2008. Watu walipigiwa simu. Baadhi waliulizwa tu kama watapiga kura. Wengine waliongezewa maswali matatu: utakwenda saa ngapi, utakuwa unatokea wapi, na kabla ya hapo utakuwa unafanya nini? Maswali hayo matatu yaliongeza waliojitokeza kwa takriban alama nne za asilimia. Kwenye nyumba zenye mpiga kura mmoja tu nyongeza ilikuwa alama tisa. Kwenye nyumba za wapiga kura wengi haikuonekana sana, pengine kwa sababu mazungumzo hayo hufanyika mezani bila kupigiwa simu. Angalia kwamba maswali hayo hayamwambii mtu kura ni muhimu. Waliulizwa habari za viatu na barabara.

Kwa hiyo ukiwa na ndugu au rafiki wa aina hii, acha hoja. Utashindwa, anajua kuliko wewe. Mshike kwa tarehe. Mwaka mmoja kabla, mfungulie ukurasa wa tume au mpigie karani wa eneo, ahakikishe mambo matatu, na ayaone kwa macho: jina limeandikwa sawa na kwenye kitambulisho atakachobeba, kituo ni kipi, na namba ya kitambulisho haijakosewa. Herufi moja ya jina la ukoo inaweza kumrudisha mtu kutoka mezani. Aliyehama aombe uhamisho mapema, kisha arudi kuangalia baada ya majuma kadhaa kama umefanyika, maana fomu kupokewa si sawa na daftari kubadilika. Kisha aweke kwenye simu tarehe ya uhakiki. Hicho ni kipindi ambacho daftari linawekwa wazi kwa siku chache ili watu waangalie majina yao na kuweka pingamizi. Hakina mdahalo, hakina wimbo, na ndicho kinachomfaa kuliko mikutano yote ya kampeni, kwa sababu kosa likionekana wakati huo hurekebishika. Likionekana asubuhi ya kura, msimamizi wa kituo hana la kufanya isipokuwa kusikitika naye.

Juma la mwisho ni la mambo madogo yanayoangusha wengi. Kitambulisho kiwe mkononi, si "kipo mahali fulani". Kama kazi yake ni ya zamu, apange saa. Waandishi wa habari, wauguzi, madereva, askari, hata mawakala wa vyama mara nyingi wanakuwa mbali na vituo vyao siku hiyo, na pasipokuwa na kura ya mapema wanaikosa huku wakiwa katikati ya uchaguzi wenyewe. Afike na mwenzake, maana foleni ya mtu mmoja hukatwa tamaa na simu ya kwanza. Akichelewa asigeuze njia: katika nchi nyingi aliyekwisha simama kwenye foleni muda wa kufunga unapofika anaruhusiwa kupiga. Karatasi akiikosea kabla ya kuitumbukiza, aombe nyingine badala ya kufutafuta. Alama mbili, jina lake au saini yake juu ya karatasi vinaweza kuifanya ikataliwe. Panapokuwa na karatasi kadhaa na masanduku kadhaa, kama Kenya yenye karatasi sita, asome kila sanduku kabla ya kuachia.

Na hizo karatasi za chini ndipo ujuzi wake unapoishia. Mwenye kukariri matokeo ya urais ya miaka 20 mara nyingi hajui mgombea hata mmoja wa udiwani wa mahali anapolala, ilhali huko ndiko kura zinahesabika kwa mamia na ndiko ile hesabu ya Downs inapoanza kuyumba. Televisheni haizungumzi habari hizo, kwa hiyo hazimpi raha, na hajazifuata. Njia nzuri ya kumwanzisha ni uchaguzi mdogo, ule wa kujaza kiti kimoja kilichobaki wazi: foleni fupi, karatasi moja, wagombea wachache, na wino uleule.

Ukikutana naye jioni hii, mwache kwanza amalize uchambuzi wake, kisha mwulize jina la kituo chake. Akianza kukueleza tume iliundwaje, mpe simu yako atafute jina lake hapohapo.